Wamefuta Jina la Mdogo Wangu

Shoga, nina hasira! Mdogo wangu, yule anayesomea uchoraji wa majengo, kaibiwa mchana kweupe.

Wiki tatu kachora ramani ya zahanati. Leo wageni wanaingia darasani, ramani iko ukutani, na jina ni la mtoto wa mkuu wa shule. La mdogo wangu limefutwa. Limefutwa, shoga!

Mwalimu eti anamnong'oneza, "Nyamaza binti, usituaibishe."

Anyamaze? Akamgeukia yule kijana wa mkuu mbele ya wageni: "Mbona mlango wa chumba cha kujifungulia ni mpana hivi?"

Kijana kaikodolea ramani.

Mdogo wangu akamjibia: "Ili kitanda kipite na mama akiwa juu yake." Akaandika jina lake upya, kwa wino.

Kasimamishwa wiki mbili. Eti utovu wa adabu! Kesho naenda na mama. Watatutambua.