Waayalandi wa Baba na Darasa Langu la Ibra

Baba yangu mpenzi,

Leo nimelifunga darasa lako, na sina wa kumwambia ila wewe.

Kila Alkhamisi baada ya laasiri, hapa Ibra, Omani, ulikuwa ukiniweka mkekani nisome Kiswahili, nami nikinuna. Skuli walikuwa wakinicheka kwa Kiarabu changu chenye lafudhi ya Unguja, na nyumbani ukinitwisha Kiswahili hicho hicho kinachofanya nichekwe. Ndipo uliponihadithia mwalimu wako wa Unguja, Muayalandi. Alikwambieni kuwa zamani kwao, chini ya Waingereza, watoto walivishwa kijiti shingoni. Kila mtoto aliposema lugha ya mama yake kilichanjwa alama, kisha alipigwa kwa hesabu ya alama. Wakakua wakiionea haya. Baadaye wakatokea watu wakafungua madarasa, wakubwa kwa wadogo wakajifunza upya kuisoma lugha yao, wakachapisha magazeti, na katika kusoma huko wakajijua kuwa ni taifa, wakadai nchi yao.

"Asiyesoma kwa lugha yake," ukaniambia, "husomewa na wenziwe."

Nimekuelewa umeshazikwa. Siku moja nilimkuta Salma, mjukuu wako, ameshika barua ulizokuwa ukiandikiana na shangazi wa Unguja, anazigeuzageuza, hajui hata neno. Nikafungua darasa sebuleni. Walikuja watoto saba. Mama mmoja akaniuliza kama kuna mtihani. Nilipomwambia hakuna, hakumleta tena wake. Mwengine alihofu Kiarabu cha mwanawe kitaharibika. Mwezi wa tatu alibaki Salma peke yake, naye kwa kunionea huruma.

Jana nikamhadithia Waayalandi wako, nikidhani moyo utamwaka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa Kiarabu, "Na sasa wanazungumza lugha gani?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia lugha yao inasomeshwa skuli, lakini wengi wao majumbani wanasema Kiingereza.

"Hata baada ya kuipata nchi yao?"

"Hata baada ya kuipata."

Akalifunga daftari, akanibusu kichwani, akaenda zake. Sikumwita.

Wale walikuwa na nchi nzima, Baba, na skuli zao na serikali yao. Mimi nina sebule. Asubuhi hii nimepita nyumba kwa nyumba kuwarejeshea watoto madaftari yao. Wamenipokea vizuri, wamenipa kahawa na tende. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini.

Nisamehe. Mungu akurehemu.

Mimi binti yako