Abdulghafur, Uliyewauguza Watoto wa Swabaha

Mwaka mzima umetimia, Abdulghafur, tangu tulipokuzika tarehe 9 Mei 1966, na hapa Kibokoni bado hatujazoea kukaa bila wewe.

Ulikuwa fundi wa makubadhi, na mtu akipita barazani kwako ulimtazama miguu kwanza, uso baadaye. Mwenye kukanyagia upande ulimtania, kisha ukamshonea jozi ya kumfaa. Mpaka leo wapo wanaotoka Makupa kuja kukuulizia. Mkeo Mwanaesha huwajibu kwa kifupi akarudi ndani. Amechoka, Abdulghafur. Amechoka kueleza.

Ugonjwa wa manjano ulipoingia mtaani mwezi wa Machi, watoto wanne wa dada yako Swabaha walilala kwa pamoja. Tukashika desturi yetu ya tangu siku za ndui na surua, kwamba anayeuguza ni yule aliyekwisha kuugua. Na wewe manjano uliyaugua ujanani. Mwanaesha ndiye aliyekwambia, "Nenda weye, babake Badawi. Weye yashakupita."

Ukaenda. Uliwakamulia maji ya miwa, ukawabeba, ukafua mashuka yao. Wiki ya tatu walikuwa wakicheza mpira uchochoroni. Wiki ya nne macho yako yakageuka rangi.

Hospitalini daktari alitueleza kwamba yale manjano ya zamani hayakupata kukutoka. Miaka yote hiyo yalikuwa yakilila ini lako kimyakimya. Watoto walikuwa na maini mazima, wakahimili. Wewe ugonjwa wa pili ulikukuta na ini lililokwisha kuchoka, na siku kumi na moja zilitosha. Hakuna kati yetu aliyelijua hilo.

Mwanaesha alipotoka kwenda kukuletea uji, ulimwambia Swabaha, "Mwambie mke wangu, hata angenikataza ningekwenda." Swabaha ameyafikisha maneno hayo mara nyingi. Mwanaesha husikiliza, huitikia, lakini hayamwingii. Anadhani anabembelezwa tu.

Jana alituomba tusiliandike jina lake hapa. Alisema aliyekutuma hana haki ya kukulilia mbele za watu. Tunampenda, na kwa hili tumeshindwa kumtii.

Mola akurehemu. Wanaokukumbuka ni mkeo Mwanaesha, kabla ya wote, mwanao Badawi, dada yako Swabaha, na watoto wake wanne, wazima wote. Daima hututoki moyoni.