Mihogo mu bafu ya mwalimu

Siku ya Mungu, magaribi

Historia gani ile. Bwana wangu alisema batoto bajue historia ya muji, basi mi peke yangu nilibapeleka kwa miguu, na jua ile yote, mpaka ku kartie, mutaa ya zamani, kule bakubwa ba mine, ba machimbo, balikuwa banaikala. Yeye alibakia kulala.

Tata Ngoy, muzee moja tunajua, alituona, akatuingiza mu nyumba anaita yake. Ni nyumba ya mwalimu, Mukasai, mutu wa Kasai. Siku batu ba hapa balifukuza Bakasai mu muji, mwalimu na familia yake balienda kulala ku gare ya treni, na Tata Ngoy akaingia na matela yake ya kulalia.

Alivaa koti na kravati mu joto ile, anatuonyesha chumba kwa chumba sawa vile ni yeye alijenga. Mu bafu, ndani ya beseni ya kuogea, alilowanisha mihogo. Robine zote za maji zilikauka, maji anaenda kutafuta ku muto na bidon.

"Mu bafu hii, unga ya bukari inakuwa nyeupe kabisa," alisema. Patron, bosi mukubwa, na harufu ile ya mihogo.

Ku mulango kungali mistari ya penseli, kwenye mwalimu alikuwa anapima urefu ya batoto bake, Odeti na bandugu yake. Bea, mukubwa wa batoto bangu, alisimama pale. "Mama, nimepita Odeti."

Ku njia nilicheka Tata Ngoy mpaka pa nyumba. Bea hakucheka. Aliuliza: "Mama, na meza ya Odeti tutarudisha lini?"

Tulisema tunaichunga tu mpaka barudie, na tulijua habatarudia. Nilimutuma Bea aende kuoga.

Mi niko naandikia juu ya ile meza.