Bakuli Lililojaa

Margilan, 4 Desemba

Mama mpendwa,

Asalaam aleikum. Vipi masikio yako, na yale magoti? Kaka na wifi hawajambo? Wajukuu wako wa huku wazima, baba yao anakohoa lakini anakula. Mimi mzima, ukiniuliza kwa haraka.

Ukiniuliza polepole, Mama, sina amani. Tangu wanichague mwenyekiti wa mtaa, watu wanakuja kulia mezani kwangu kutwa: gesi hakuna, mavyaa kamfukuza mke wa mwanawe, ndugu wanagombea ukuta. Nawasikiliza wote, nawaambia litakwisha. Nikitoka hapo kifua kimebana. Pahali pangu pa kupumua palikuwa pamoja tu: gap yetu, wale wenzangu wa shule, kila mwezi nyumbani kwa mmoja, pilau na maneno mpaka taya zituume.

Juzi ilikuwa zamu ya Salomat. Nilipoingia, mazungumzo yakakatika. Tukala. Nikafumba macho kidogo, kupumzisha kichwa tu. Kufumbua, Salomat, rafiki yangu tangu tuna mapengo mdomoni, ananimiminia chai mpaka ukingoni! Unamkumbuka yule mshenga aliyetumwa na mlevi kumposa dada? Wewe mwenyewe ulimjazia bakuli hivyohivyo, na hakungoja lipoe, akavaa viatu. Mgeni unayempenda unampa mafunda mawili, kisha unamwongeza, na kumwongeza tena. Ukimjazia, umemwambia anywe aende zake.

Nami nikaenda zangu. Mgongoni nikasikia kicheko. Machale yananicheza, Mama: kuna mtu anataka kiti changu, na Salomat anamsaidia.

Mwanao,
Hurshida

Samarkand, 15 Desemba

Mwanangu Hurshida,

Wa aleikum salaam. Masikio ni yaleyale, ndiyo maana nakwambia andika, usinipigie simu nikawa naitikia "ndiyo" kwa kila kitu. Magoti yanasema theluji inakuja. Kaka yako anakusalimu. Wifi yako kakutumia aprikoti kavu.

Kuhusu hilo bakuli: Salomat alipomimina, alikutazama usoni au alitazama chini? Alisema neno? Mtu anayekufukuza kwa ubaya hakulishi kwanza pilau ya mafuta ya mkia wa kondoo. Muulize ana kwa ana. Na acha kusinzia kwenye kiti cha ofisini, utavunjika shingo.

Mama yako

Margilan, 24 Desemba

Mama,

Salamu kwa wote. Aprikoti zimefika, asanteni.

Nani kakwambia nasinzia ofisini? Mimi sikuandika neno hilo. Anayejua ni Botir, katibu wangu, ambaye siku hizi ananiletea mto huku akitabasamu. Sijawahi kumwona katibu anayeleta mto bure. Na mkewe Botir ni binamu yake Salomat! Sasa nimeiona njia maneno yanakopita. Wananila kisogo kutoka Margilan mpaka Samarkand, na wewe, Mama, umekaa upande gani?

Mwishoni mwa Januari zamu ni yangu. Sitaipokea. Najua asiyepokea zamu yake amejitoa, na gap yetu hairudishi mtu. Basi na iwe hivyo. Mtaa mzima unanimaliza mchana, sitakaa tena na watu wanaonichimba jioni.

Hurshida

Samarkand, 19 Januari

Mwanangu,

Hujambo? Watoto hawajambo? Barua yangu ya Mwaka Mpya hukuijibu, na hii sijui kama utaifungua. Ile yako ya mwisho hukusaini hata "mwanao". Nimeumia.

Haya, sikiliza. Ya kusinzia ofisini niliyapata kwa Salomat kupitia wifi yako, naye sasa kampigia tena simu huku analia. Siku ile hukufumba macho kidogo. Ulilala umekaa, kipande cha mkate mkononi! Walikuamsha, wakakuomba uende nyumbani, ukafoka kwamba kiongozi haondoki wenzake wangali wamekaa, ukalala tena. Ndipo akakujazia bakuli. Alidhani utacheka kwa kumkumbuka mshenga, maana alipokuja kuposa mlichungulia wote wawili mlangoni. Hukucheka. Ulitoka na viatu vya mavyaa wake, ndicho walichokicheka. Kaangalie viatu vyako.

Na wananyamaza ukiingia kwa sababu wamekubaliana: atakayeleta shida ya mtaa mbele yako ataosha masufuria yote. Gavhar keshaosha mara mbili.

Alitusihi tusikwambie, alisema utaona unahurumiwa. Na uhurumiwe! Unasikiliza mtaa mzima, wewe nani anakusikiliza? Mimi ni kiziwi na niko mbali. Pokea zamu yako, Hurshida.

Mama yako anayekupenda

Margilan, 2 Februari

Mama yangu,

Asalaam aleikum. Magoti yalisema kweli, theluji imefika madirishani. Kikohozi cha baba watoto kimepoa.

Viatu si vyangu. Vinanibana, nami nilidhani miguu imevimba kwa mawazo. Lakini nilijiambia, mtu aweza kucheka viatu na kiti bado akakitaka. Nikapika. Nilitandika huku nahesabu nani atakuja kunipeleleza.

Walikuja wote. Salomat aliingia wa mwisho, hakunitazama. Baada ya pilau nikashika buli mwenyewe na kumjazia bakuli mpaka ukingoni, mbele ya wote. Nilitaka nione atafanya nini.

Akalinyanyua kwa mikono miwili, akanywa lote likiwa moto vile, machozi yakamtoka. Akaninyooshea bakuli tupu.

"Ongeza."

Nikajaza tena. Akanywa tena, akaninyooshea.

"Shosti, jaza mpaka buli likauke, sitoki hapa. Choo unacho, na blanketi nimekuja nalo."

Gavhar akaangua kicheko, nami nikaanza kulia, Mama, kilio cha kwikwi kama wale wanaokuja mezani kwangu. Nikawaambia yote: gesi, ukuta, kifua, na jinsi nilivyokuwa nawaogopa wao. Hakuna aliyeniambia litakwisha. Walinisikiliza tu, na masufuria nikaosha mimi, maana shida za mtaa niliziingiza mwenyewe.

Salomat alikuwa bado ameshika bakuli lake. Nikachukua buli nikammiminia mafunda mawili.

Mwanao,
Hurshida