Nyumba Nzuri Asimolala Mtu

Mamangu mpenzi,

Leo Ijumaa, siku yangu ya kupumzika, na miguu imenivimba. Wiki nzima natandika vitanda vya wageni hotelini. Lakini baada ya swala sikurudi kulala. Nilikwenda kutazama nyumba ya kale hapa Doha, ya tajiri mmoja wa zamani, imekarabatiwa ili watu waingie waione. Nilisikia ina kuta za mawe ya baharini kama yetu ya Mji wa Kale, Mombasa. Nikajiambia, twende, huenda nikamuona mama huko.

Mlangoni nikavua viatu, nikabisha hodi. Bawabu, mtu mzima wa Uganda, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mama, unabisha kwa nani?"

"Kwa waliomo."

"Waliomo ni mimi na hii AC! Vaa viatu, mama. Hapa kila mtu anaingia navyo."

Nikavaa, lakini kwa haya, kana kwamba unanitazama.

Ndani kuna boriti darini, na zidaka ukutani, kama kile kidaka ulimokuwa ukiweka msahafu na chupa yako ya mafuta ya nazi. Kitanda kimetandikwa vizuri kuliko ninavyotandika mimi, na mbele yake kamba. Nikanusa. Si udi, si kitunguu, si mtu. Wallahi, mama, uchovu wote wa miaka hii ulinishukia pale pale. Nikakaa kwenye ngazi.

Maana nyumba yetu nami nimeifanya vivyo hivyo. Ulipofariki nilikuwa huku, sikukuosha, sikukusindikiza. Nikaamuru ifungwe, kisiguswe kitu, nikirudi niikute ulivyoiacha. Athmani, kitindamimba wako, anaomba ahamie na mkewe na wanawe, kwa kuwa mwenye nyumba wanakopanga anawatoa. Anataka pia kutoboa ukuta wa zidaka, jikoni kuingie mwanga. Mimi ndiye mkubwa, wote wanangoja neno langu, nami kila akipiga simu namwambia tutazungumza.

Pale kwenye ngazi nikakumbuka Shaaban zile, tukipaka chokaa kabla ya Ramadhani. Wewe juu ya kigoda, mimi na ndoo, mikono ikituwasha. Hata haijakauka, Athmani akachora meli kwa mkaa ukuta mzima. Nilimkamata sikio. Ukasema, "Mwache mwenzio, mwakani si tutapaka tena?" Ukakaa ukamuuliza meli yaenda wapi.

Nikampigia nikiwa bado pale.

"Hamieni," nikamwambia.

"Na ule ukuta, dada?"

"Toboa."

Kisha akauliza, "Dada, unaumwa?"

Nikacheka, na machozi yakitoka. Siumwi, mama. Nimechoka tu. Nikirudi, Mungu akipenda, sitaikuta ulivyoiacha. Nitakuta makelele, viatu vya watoto mlangoni, na mke wa mtu kahamisha vyungu vyako. Nitanuna siku mbili tatu, wanijua. Niombee nisizidishe.

Sasa hivi Athmani kanitumia sauti kwa simu. Mlango ulikuwa umekwama, wameusukuma wote pamoja. Nasikia watoto wakikimbia juu ya sakafu yako, na mama yao akiwakemea wapunguze vishindo. Nimeirudia mara nyingi. Hawapunguzi.

Mola akulaze pema, mamangu. Ngoja nami nijinyooshe.

Mwanao, kifungua mimba wako