Mashine Isiyo na Ugonjwa

9 Februari

Mwanangu Betri,

Salamu zetu zikukute mzima. Mimi sijambo, ukiacha masikio, ambayo nilishayatoa sadaka kwa spika za watu. Mama yako naye hajambo kwa kiasi chake. Anakula, anatembea mpaka mlangoni na kurudi. Mkono wa kulia bado umelala, na maneno hayajarudi hata moja. Lakini usidhani haelewi. Juzi nilimdanganya mteja kwamba redio yake iko tayari, mama yako akanikata jicho la kunitosha wiki nzima.

Mzigo wako umefika. Nimeugeuza juu chini, chini juu. Mwanangu, kitu hiki hakina skrubu hata moja! Aliyekitengeneza alikuwa anaficha nini? Umekua ukinisikia nikisema kwamba kitu cha maana ni kile kinachokubali kufunguliwa. Kisichofunguka si chako, umeazimwa tu.

Halafu ni gemu. Mwanamke mzima, ametoka kwenye kiharusi, unamletea gemu! Jirani yetu mshonaji amecheka mpaka akapoteza sindano. Nieleze kabla sijalitia kabatini. Na usiseme nipige simu, unajua mimi nikisikia nusu najibu robo.

Baba yako,
Fundi


24 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimeshukuru kusikia Mama anafika mlangoni. Mimi nipo, baridi inanitafuna ila haijanimaliza. Vibali vyangu vya kuishi huku bado viko mezani kwa wakubwa, na nikitoka kabla ya kuvipata siruhusiwi kurudi. Kwa hiyo sitawaahidi safari nisiyoiweza.

Nakuomba usilitie kabatini. Unakumbuka tulipojaribu simu ya mshonaji, ile ya kuonana? Mama alijiona kwenye kioo uso umepinda, akaifunika kamera kwa kiganja na hakukiondoa. Tangu siku ile sijamwona. Wewe tunaandikiana, yeye sina njia ya kumfikia.

Hili ni gemu la bustani. Hakuna kupigana wala kufa. Mtu ana nyumba na kipande cha shamba, anapanda, anamwagilia, anavuna. Nyumba ya Mama nimeiweka jirani na yangu, zinatenganishwa na kijia tu. Akitoka nje, mimi huku namwona anatoka. Kijimtu chake kina uso ulionyooka na mikono miwili mizima, na nimekivika kilemba chekundu kama kile chake. Vitufe vyote nimevihamishia mkono wa kushoto. Mwombe mshonaji awagawie intaneti yake.

Kazi yangu unaijua: naletewa vifaa, navitumia, naandika kama vinafaa, navipa alama. Hili nililipa alama tisa katika kumi. Niamini kidogo.

Mwanao,
Betri


20 Machi

Betri mwanangu,

Marahaba. Tuko salama, mvua imetutembelea na paa la kibanda changu limeipokea kwa mikono miwili. Nimehamisha redio za wateja chini ya kitanda.

Tisa katika kumi! Ulikaa nalo kwa muda gani? Wiki moja? Mimi redio naipa alama ikishazika wenyewe wawili. Pale rafuni ninayo moja ya namna hiyo, inapiga kelele kuliko mimi.

Haya, sasa nikupe habari unayoitaka. Siku mbili za kwanza mama yako aliiangalia ile mashine kama mtu aliyeletewa kesi. Siku ya tatu nikamkuta ameishika. Mshonaji alimwonyesha mara moja tu. Sasa hivi mchana ukifika, mimi sina mke. Chai imekaukia jikoni mara mbili na sufuria moja imetoboka. Amepanda maboga. Nikamuuliza, mbona maboga matupu, akaniangalia kama mjinga, ndipo nikakumbuka ni nani aliyekuwa anamaliza maboga katika nyumba hii.

Juzi alivuna moja akawa anatoka nalo. Nikamuuliza analipeleka wapi. Akagusa kioo kwa kidole, penye nyumba yako.

Na jana alicheka. Mshonaji alikuja mbio kuniambia, nikamwambia nimeona. Mwili mzima ulikuwa unacheka, nilijua hata bila kusikia.

Lakini bado nasema lingekuwa na skrubu.

Baba yako,
Fundi


7 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini paa limeshapata dawa. Mimi mzima, na kwa mara ya kwanza huku nalala vizuri.

Boga nililikuta mlangoni asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Hakunigongea. Ni vilevile alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo, anaweka chakula mezani anaondoka, na ole wako kipoe. Kesho yake nikakuta lingine. Nikitoka kazini nikachelewa kuingia, anakuja kugonga mlango wangu kwa jembe! Nimeweka benchi mbele ya nyumba yangu. Jumapili tulikaa, yeye na mimi, hatukufanya chochote, tulitazama nyanya zikiiva. Nilikuwa nalia huku nimeshika vitufe, wewe usimwambie.

Nimeandika upya maoni yangu gazetini, nikaweka kumi katika kumi. Mhariri akauliza kifaa kimebadilika nini. Nikamwambia kifaa ni kilekile, ila sasa mama yangu yumo ndani yake. Sentensi hiyo ameifuta. Wewe unasema kitu cha maana ni kinachofunguka, Baba. Mimi naona ni kile ambacho ukikizima unatamani kesho ifike.

Mwanao,
Betri


2 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Nitakuwa mfupi kwa sababu sijui kulirefusha jambo hili.

Kampuni imetangaza kwamba siku ya mwisho ya mwezi huu inalizima gemu la bustani. Bustani ya Mama haimo ndani ya mashine aliyoishika. Imo kwenye mitambo yao, mbali kabisa, na hiyo mashine inaichungulia tu kama mtu dirishani. Wakifunga dirisha, imekwisha. Wanasema wachezaji wamepungua, na kuna gemu jipya la magari linatoka. Hilo jipya nimeshaletewa nilipe alama.

Nimewaandikia kama mchambuzi. Nimewaandikia kama mtoto wa mtu. Nilipata jibu dakika ileile niliyotuma: maoni yako ni muhimu kwetu. Hakuna binadamu anayeandika haraka hivyo. Nikatafuta namba ya simu, hawana.

Mwambie Mama. Mimi kule bustanini sina mdomo, najua kuruka na kupunga mkono tu. Jana nilimpungia, naye akanipungia, akaenda kupanda mbegu ambazo hazitawahi kuiva.

Mwanao,
Betri


16 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Tuko hai.

Barua yako nimeisoma nikairudia, na bado sijaielewa. Kitu kizima, kinawaka, kinashika chaji, kioo hakina hata mkwaruzo, halafu kinakufa kwa sababu mtu mmoja ofisini amekata shauri? Mimi nimeona vitu vikifa kwa maji, kwa umeme, kwa mende na kwa watoto. Kifo cha namna hii sijakiona.

Nilimwambia mama yako polepole. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akaibeba mashine kwa mkono wake mmoja, akaileta kibandani, akaiweka mezani kwangu. Halafu akaenda kukaa kwenye benchi la wateja. Tangu tuoane hajawahi kukaa kwenye benchi lile. Huwa anapita hapo akiwacheka wanaokaa.

Sasa mimi ningefanya nini? Nikapasha kisu moto, nikakizungusha ukingoni kwenye gundi, nikaifungua. Nilitaka kukitafuta hicho watakachokizima. Nilidhani lazima kitakuwa mahali, kila kitu kiko mahali. Nimepekua yote na sikukiona. Nilichopata ni kukata waya mmoja bapa, mwembamba kuliko ukucha, na kioo kikawa cheusi. Ndiyo sababu humwoni bustanini. Usidhani ameugua.

Waya huo nitauunga. Yule fundi wa saa wa mtaani ameniazima miwani yake ya kukuzia, na mkono wangu bado hautetemeki sana asubuhi. Hilo ni la kwangu, niachie. Lile lingine ndilo sina bisibisi yake.

Mama yako bado yuko kwenye benchi. Nimempelekea chai.

Baba yako,
Fundi


1 Julai

Baba,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia juzi, na iliniondolea hofu. Siku zote hizo nyumba ya Mama ilikuwa imefungwa, mboga zinanyauka, nami nilikuwa nazimwagilia bila kujua kama mwenyewe yupo.

Jana niliomba ruhusa kazini. Nilikaa ndani ya ile nyumba yangu ya mchezo tangu asubuhi, nikichungulia. Mchana mlango wake ukafunguliwa. Kilemba chekundu! Baba, nilipiga kelele peke yangu chumbani. Uliuunga waya. Mikono yako ibarikiwe.

Hakuja moja kwa moja. Alianza kuvuna. Alichuma yaliyoiva, kisha akang'oa mabichi, kisha miche, kisha hata maua ya ukingoni. Alikuwa anabeba kimoja kimoja mpaka mlangoni kwangu, anaweka, anarudi. Mimi najua kila safari moja ni kidole gumba cha mkono wa kushoto kinabonyeza mara ngapi. Nikataka kutoka nimsaidie, nikashindwa. Katika gemu hili mtu hawezi kuruka juu ya mazao, na yeye alikuwa ameshaniziba mlango. Alinijazia maboga mpaka nikafungiwa ndani! Nilicheka, Baba. Nilisimama kizingitini na yeye amesimama ng'ambo ya maboga, shamba lake tupu nyuma yake. Nikampungia. Akaweka jembe chini, akabaki ananitazama.

Kisha kioo kikawa cheupe, yakaandikwa maneno ya kutushukuru kwa kucheza.

Mhariri anataka maoni ya gemu la magari. Karatasi nimeiweka kando. Nina swali moja tu, na wewe ndiye uliyekuwa karibu naye. Kioo kilipokuwa cheupe, Mama alifanya nini?

Mwanao,
Betri


22 Julai

Mwanangu Betri,

Marahaba. Nakuombea afya. Sisi tunaamka, tunakula, hatuna cha kulalamika mbele za watu.

Umeniuliza, na nimechelewa kukujibu kwa makusudi. Nilikuwa nimekaa kando yake, nimeushikilia waya wa chaji kwa kidole kwa sababu tundu lilikuwa limelegea. Kioo kilipokuwa cheupe, hakulia. Aliisogeza mashine karibu na uso. Na midomo yake ikatikisika.

Niliona kwa macho yangu, mwanangu. Midomo ilitikisika zaidi ya mara moja, kama mtu anayeita. Kama alitoa sauti, basi niliyekuwepo ni mimi, na mimi sikuisikia. Mshonaji alikuwa amekwenda sokoni. Nimemwomba mama yako arudie. Nimemweka mshonaji karibu, nimemwambia, haya, mke wangu, sema tena kile ulichosema. Anatutazama tu. Sijui kama lilikuwa jina lako. Nataka kukuambia lilikuwa jina lako, lakini sikusikia, na sitakuuzia kitu ambacho sijakipima.

Mashine ni nzima. Ule waya nimeurudia kuulehemu, na tundu la chaji nimelikaza. Inawaka vizuri kuliko ilivyotoka kwao. Ikishawaka inaandika kwamba haioni bustani, basi.

Kila mchana mama yako anaileta kibandani, anaiweka mezani, anakwenda kukaa kwenye benchi. Sijui kama hajaelewa, au ameelewa na anadhani mimi ndiye sijajitahidi. Wateja wengine wanamsogelea kumpa pole, wanadhani amekuja na redio. Naifungua mbele yake, napuliza vumbi ambalo halimo, naifunga, namrudishia. Anaipokea kwa ule mkono wake, anakwenda nayo ndani. Kesho anaileta.

Leo ameiacha mezani, hakuichukua. Nikaifungia karatasi kama ninavyovifungia vitu vyote vinavyolala kibandani, jina la mwenye mali juu, ugonjwa chini. Juu nimeandika: Mke wangu. Chini nimeshika kalamu mpaka mshonaji akaniuliza nimepatwa na nini, na bado pako wazi. Wewe ndiye unayeandika habari za vifaa vya watu. Niambie niandike nini.

Baba yako,
Fundi