Alexander Kaisifu Rozela ya Sabina

Mdogo wangu Teodora,

Marahaba, hata kama hukuniamkia. Siku hizi hapa Pasiansi mimi ndiye mtaalamu wa mvinyo. Nikinusa glasi tu, najua zabibu zimetoka wapi. Uongo! Juzi nimenusa siki ya kachumbari nikaisifu.

Mtaalamu ni jirani yangu Alexander. Pasaka, mbele ya wageni, alionja mvinyo wa rozela wa wifi yako Sabina, akautema. "Huu wa kuoshea masufuria, mama." Tangu siku hiyo Sabina hajagusa ndoo yake ya kutengenezea mvinyo.

Jumamosi nikamwalika Alexander tena. Rozela ya mwisho nikaimimina kwenye chupa tupu ya mvinyo wa Kizungu, nikaileta na sato wa kukaanga. Akafumba macho.

"Mzee Luhaga, huu ndio mvinyo wa samaki! Niongeze."

Nikamwongeza mara tatu, kisha nikaita, "Sabina, njoo umwambie umeutengeneza lini!" Sato akamkwama kooni, na mimi maji sikuyaharakisha.

Sabina kacheka mpaka kakaa chini. Sasa lete lile debe la rozela kavu uliloniahidi nilipokuezekea jiko. Alexander hajaomba radhi, na nataka aombe akiwa ameshika glasi.

Kaka yako mkorofi,
Luhaga